Ngoma imecheza, mchoro umepauka: kabla hujakopa ununue kamera nyingine

"Shikamoo mwalimu. Niko Mbeya, nina kamera ya kubadilisha lenzi niliyoinunua kwa mtu, pamoja na lenzi yake ya 18-55. Napenda kupiga picha za safari, ngoma, kwaya na michoro ya ukutani, na mwakani nataka nitoe kalenda. Lakini picha za ngoma ukumbini jioni zinacheza, yaani hazina ukali, na nyingine zina mistari myeusi. Wanakwaya wa majoho meupe wanatoka nyuso giza. Michoro ya saluni niliyoipiga mchana Mwanjelwa imepauka, wakati kwa macho inawaka. Halafu Julai nilipanda basi alfajiri kwenda Kyela kupiga picha za ngoma ya mganda, picha za kwanza zote zikatoka na ukungu. Rafiki yangu anasema kamera imechoka, nikope milioni tatu kwenye kikoba nichukue kubwa. Nifanyeje?"

Marahaba, mdogo wangu. Nianze na mkopo, maana ndio unaobana: usikope. Kamera kubwa ina faida zake na nitazitaja, lakini katika shida tano ulizoandika hakuna hata moja ambayo ingeondoka kwa sababu tu umebadilisha kamera. Ungeipeleka ile ya milioni tatu Mwanjelwa saa saba mchana, mchoro ungepauka vilevile. Ungeishusha Kyela ikiwa ya baridi, ingeota ukungu vilevile. Kwa maelezo yako, kamera yako haijachoka. Imepokea mwanga kama ulivyokuwa, kwa muda ulioipa. Kwa hiyo tushughulike na mwanga na muda.

Tuanze na ngoma, kwa sababu hapo ndipo watu wengi wanapokata tamaa. Macho yetu yanatudanganya jioni. Ukiingia ukumbini mboni inapanuka, dakika chache baadaye unaona kila kitu, unaamini mwanga upo. Kamera iliyo kwenye otomatiki ikikosa mwanga huacha shata, lile pazia linaloruhusu mwanga kuingia, wazi kwa muda mrefu zaidi. Lenzi yako ukiivuta mpaka milimita 55, tundu lake haliwezi kufunguka kupita f/5.6 (namba ya f ikiwa ndogo, tundu ni pana zaidi). Kwenye ukumbi wa kawaida wenye taa chache, kwa ISO 800 (ISO ni kiwango cha wepesi wa kamera kuitikia mwanga), usishangae kukuta shata imeshuka hadi 1/15 ya sekunde. Sasa chukua mkono wa mpiga ngoma unaoshuka kwa kasi ya mita 3 kwa sekunde. Ndani ya hiyo 1/15 mkono umesafiri sentimita 20, kutoka kifundo mpaka kupita ncha za vidole. Kamera imeandika safari nzima. Kwa 1/250 mkono huohuo husogea sentimita moja na kidogo tu, na mtazamaji anaona vidole.

Hapa kuna dhana moja ya kurekebisha. Utaambiwa ununue lenzi yenye kizuia mtikisiko. Kifaa hicho hutuliza mkono wako wewe, hakimtulizi mchezaji. Fungua picha zako zilizoharibika uangalie nguzo, ukuta, au spika iliyoko nyuma. Kama navyo vimecheza, tatizo ni mkono wako: bana viwiko kwenye mbavu, egemea ukuta, au ongeza kasi ya shata. Kama ukuta umetulia na mchezaji tu ndiye aliyecheza, kizuia mtikisiko hakitakusaidia hata kidogo. Hapo dawa ni kasi, na kasi inadai mwanga.

Mwanga huo unapatikana kwa njia mbili, na zote uziwekee mizani. Ya kwanza ni kupandisha ISO, ambayo ni bure. Watu wanaiogopa kwa sababu ya chenga, zile nukta nukta zinazoonekana kwenye picha. Mimi nakwambia picha yenye chenga na mkono uliotulia inachapika kwenye kalenda na watu wataipenda, lakini picha iliyocheza sana ni vigumu kuiponya kwa programu. Panda mpaka 1600, na 3200 ikibidi. Ya pili ni lenzi yenye tundu pana. Ile ya milimita 50 ya f/1.8, ambayo kampuni nyingi huuza kama lenzi yao ya bei nafuu, hupitisha mwanga karibu mara 10 ya f/5.6. Ile 1/15 yako inakuwa 1/150 bila kugusa ISO, na ukipanda mpaka ISO 1600 unafika 1/300. Gharama yake iko kwingine: kwenye f/1.8 eneo la ukali ni jembamba mno, jicho litakaa vizuri na sikio lipotee. Na kwa kamera ndogo kama yako, yenye kihisi kidogo cha kupokea picha, 50 inabana. Kwenye chumba kidogo utajikuta umeegemea ukuta na bado mpiga ngoma hatoshei kwenye picha. Hapo 35 ndiyo inayofaa. Kamera kubwa, ile ya rafiki yako, kwa lenzi yenye tundu lilelile ingekupa nafuu ya chenga ya kama hatua moja tu (kila hatua ni kuongeza mwanga mara mbili au kuupunguza kwa nusu). Ndiyo faida yake, nayo ni ya kweli, ila haifiki milioni tatu za kukopa.

Lakini kuna jambo ambalo halinunuliwi dukani, na ndilo ningependa ulishike kuliko mengine yote katika barua hii. Ngoma haiendi kwa kasi moja. Mkono unaopanda na kushuka lazima usimame, hata kama ni kwa kufumba na kufumbua, pale juu kabisa kabla ya kugeuka. Mruko nao una kilele: mwili umeshamaliza kupanda na haujaanza kushuka. Pale kwenye mgeuko kasi ni karibu na sifuri, na hata 1/60 inatosha. Ukibonyeza katikati ya pigo, 1/250 inaweza isitoshe.

Utajuaje mgeuko unakuja? Utausikia. Weka kamera chini, sikiliza mzunguko mzima wa wimbo mara kadhaa. Mganda wa kule pwani ya ziwa Nyasa utakusomesha vizuri, kwa sababu ni mchezo wa mistari na hatua za gwaride: kuna ngoma kubwa, kuna vibuyu vinavyopulizwa vikiimba ule mvumo wake, na kila baada ya hatua kadhaa mstari wote unainama au unageuka kwa pamoja na kukaa kidogo. Ukihesabu, utajua lini mguu wenye soksi nyeupe utakuwa juu. Bonyeza kidogo kabla ya pigo, maana kidole chako na kamera vyote vina uchelewaji wao. Ukipanda Iringa ukampata mzee anayepiga ligombo, kile kinanda cha Wahehe cha ubao uliochimbwa tumbo na kuvutwa nyuzi, hali ni nyingine: mwili wote umetulia na vidole peke yake vinafanya kazi. Hapo waweza kushuka hata 1/60, ukasubiri anapomaliza sentensi ya wimbo na kuinua uso. Mpiga picha anayeujua wimbo akiwa na kamera ya kawaida atarudi na picha nzuri kuliko mgeni mwenye kamera ya gharama anayebonyeza ovyo.

Sasa mistari myeusi, ambayo nadhani ndiyo iliyomshawishi rafiki yako kwamba kamera imekufa. Umeme wetu ni wa hezi 50, na taa nyingi za LED za bei rahisi huwaka na kufifia mara 100 kwa sekunde. Jicho halioni, kamera inaona. Shata haipokei picha nzima kwa mkupuo. Inapita kutoka upande mmoja hadi mwingine, na ikiwa ya haraka kuliko mzunguko wa taa, sehemu moja ya picha inapokelewa taa ikiwa imewaka na nyingine ikiwa imefifia. Ndiyo mistari hiyo. Weka 1/100 au 1/50, kila sehemu ya picha ipate mzunguko kamili wa taa, na mistari itaisha au itapungua sana. Kama kamera yako ina shata ya kielektroniki, ile ya kimya, izime chini ya taa za namna hiyo. Ukumbi ukiwa kwenye jenereta mzunguko unaweza kuyumba, basi jaribu hatua moja juu au chini mpaka uone imetulia.

Umeona mgongano uliopo: mkono wa ngoma unataka 1/250, taa zinataka 1/100. Huu ni mgongano wa kweli na kamera zina njia chache za kuukwepa. Baadhi ya mpya zina kipengele cha kusubiri taa iwake ndipo zipige, na hilo ningelitafuta siku ukiwa na fedha yako mwenyewe mkononi. Kwa sasa chagua 1/100 na usubiri mgeuko. Au fanya ninachokipenda zaidi, ongea na viongozi wa kikundi upige wakati wa mazoezi, saa kumi na moja jioni uwanjani, jua likiwa limelala. Wanakuwa hawana haraka na utapewa nafasi ya kusogea.

Kwaya nitaieleza kwa kifupi kwa sababu dawa yake ni kitufe kimoja. Kipimo cha mwanga ndani ya kamera hakijui kinatazama nini. Kimetengenezwa kiamini kwamba picha yoyote, ukiichanganya yote, inakuwa kijivu cha katikati. Ukijaza fremu na majoho meupe, kinasema mwanga umezidi, kinapunguza, na nyuso zetu ambazo tayari ni nyeusi zinazama. Mganda wa mavazi meupe unafanya hivyohivyo. Tafuta kitufe chenye alama ya kujumlisha na kutoa, ongeza hatua moja, angalia nyuso, kisha angalia kama mikunjo ya majoho bado inaonekana. Piga kwa faili la RAW, lile linalohifadhi data yote ya kamera, upate nafasi ya kuinua nyuso baadaye. Kwa kuwa wanakwaya husimama wametulia, funga tundu kidogo ili na safu ya nyuma iwe kali. Flashi kanisani usiiguse kabla hujaongea na mwalimu wa kwaya.

Michoro ya ukutani ni somo nilipendalo sana, na unastahili pongezi kwa kuiona. Vichwa vya mitindo ya nywele kwenye ukuta wa kinyozi, mwanamke aliyesukwa kwenye mlango wa saluni, simba na maandishi kwenye mlango wa nyuma wa lori linaloelekea Tunduma: kazi hizi zinapakwa rangi upya kila mwenye duka anapobadilika, na bila picha zako hazitakumbukwa.

Kwa nini zimepauka? Tazama rangi iliyotumika. Mafundi wengi wa mabango hupenda rangi ya mafuta kwa sababu inahimili mvua na inang'aa. Hata Edward Tingatinga, mzaliwa wa Tunduru, alipoanza kuchora Dar es Salaam mwishoni mwa miaka ya 1960 alitumia rangi za mafuta juu ya hadibodi. Uso unaong'aa hurudisha vitu viwili kwa pamoja: rangi yenyewe, na mng'ao wa anga lililo mbele yake. Mng'ao huo ni mweupe. Unajitandaza juu ya nyekundu yote, nayo inageuka waridi. Kwa macho unasogeza kichwa kidogo na ubongo unautupa mng'ao. Kamera imesimama mahali pamoja na haitupi kitu. Ongeza na mwinuko wetu: Mbeya mjini iko kama mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, hewa ni nyepesi, jua la mchana ni kali na vivuli vyake ni vizito. Chini ya ukuta kuna udongo mwekundu unaorusha wekundu wake kwenye nusu ya chini ya mchoro. Kwa hiyo juu umepauka, chini umetiwa kutu.

Usipige mchoro jua likiwa utosini. Na hapa ujue kwamba saa sita kamili ya Mbeya si saa ya jua kufika juu. Tuko magharibi ya nchi, jua letu hufika juu kati ya saa 6:30 na saa 7:00, zaidi ya dakika 20 baada ya Dar es Salaam. Mwishoni mwa Februari na katikati ya Oktoba linapita juu ya kichwa kabisa, na kuta zote zinachubuliwa kutoka juu. Juni na Julai jua liko upande wa kaskazini siku nzima, kwa hiyo ukuta unaotazama kusini unabaki kivulini tangu asubuhi mpaka jioni. Huo ndio wa kupiga kipindi hicho, kivulini, rangi zinatulia. Desemba mambo yanageuka: ukuta unaotazama kaskazini ndio unaopata kivuli. Tembea mtaa wako na kalamu, andika kila mchoro unatazama wapi.

Na mawingu ya nyanda zetu, ambayo wageni wanayalalamikia, kwa kazi hii ni neema. Asubuhi yenye wingu zima mwanga unashuka kwa upole pande zote. Mng'ao haujaisha, ila hauna ukali. Simama ili nyuma yako kuwe na kitu cheusi, mti au ukuta wenye kivuli, badala ya anga tupu au jengo jeupe, kwa sababu hicho kilicho nyuma yako ndicho rangi inachokiakisi.

Kuna kifaa kimoja ningekushauri ununue kwa ajili ya kuta na malori, filta ya polaraiza ya kuzungusha. Mwanga unaodunda kwenye rangi kwa pembe hupangika upande mmoja, na filta inauzuia huo na kuachia rangi ipite. Inafanya kazi vizuri ukisimama upande kidogo, na karibu haisaidii ukikabili ukuta uso kwa uso. Kwenye chuma kitupu haifanyi kitu, lakini kwenye chuma kilichopakwa rangi inafanya. Inakula mwanga, kama hatua moja na nusu mpaka mbili, kwa hiyo ivue unapoingia ukumbini. Nunua inayolingana na kipenyo kilichoandikwa mbele ya lenzi yako.

Kwa kuwa umetaja kalenda: mchoro wa ukutani una mwenyewe. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya 1999 inalinda picha yako, na inalinda pia kazi ya aliyechora. Ukipiga kwa kumbukumbu yako sina neno. Ukiuza, mtafute mchoraji. Mara nyingi jina au namba yake ya simu imeandikwa pembeni ya mchoro. Mwelewane kwa maandishi, mwandike jina lake kwenye ukurasa. Wachezaji wa ngoma nao waulizwe kabla ya sura zao kuuzwa, na kiongozi wa kikundi ndiye mlango. Mkifika mahali hamwelewani, au kampuni ikitaka kununua picha zako, nenda Ofisi ya Hakimiliki, COSOTA, au kwa mwanasheria. Makubaliano ya mdomo yameumiza wengi, wachoraji kwa wapiga picha.

Ule ukungu wa Kyela wala usikutie hofu. Uliondoka Mbeya alfajiri ya Julai, lenzi ikiwa ya baridi kali. Ukateremka kupitia Tukuyu zaidi ya mita 1,000, mpaka kwenye joto na unyevu wa ziwa. Begi lilizuia lenzi isipate joto pole pole. Ulipofungua, hewa ya Kyela iligusa kioo baridi na mvuke wake ukageuka maji papo hapo. Mara nyingine, kabla ya kutoka Mbeya, funga kamera kwenye mfuko wa plastiki usiopitisha hewa. Ukifika iache humo kama saa moja, ipate joto la mahali ikiwa bado imefungwa, ndipo uifungue. Maji yatajikusanya nje ya mfuko badala ya kwenye kioo. Usifute lenzi kwa kanga ukidhani ni vumbi, na tafadhali usiifukie kwenye mchele kama wanavyoshauri watu. Unga wake unaingia kwenye viungo vya lenzi na fundi anapata kazi ya pili.

Ukungu wa nje hukauka wenyewe. Wa ndani ndio wa kwenda kwa fundi. Ondoa lenzi, mulika tochi ya simu kutoka nyuma, chungulia kutoka mbele kwa pembe. Ukiona nyuzi nyembamba zinazotambaa kutoka ukingoni, hiyo ni kuvu, na kwa mtu anayezunguka Tukuyu na Rungwe kwenye mvua za Novemba hadi Mei si ajabu. Mpelekee fundi wa kamera mapema, maana ikikaa hula ngozi ya kioo na haisafishiki tena. Usiifungue mwenyewe. Nyumbani hifadhi lenzi kwenye chombo chenye mfuniko unaobana, pamoja na vile vifuko vya kukausha unyevu vinavyokuja kwenye maboksi ya viatu.

Na kwa kuwa kamera uliinunua kwa mtu, ifanyie jaribio moja kabla hujaamua lolote. Bandika kurasa za gazeti ukutani, kurasa nne zilizonyooka, mchana, kwenye kivuli chenye mwanga. Weka kamera juu ya stuli ikabili ukuta sawasawa, tumia f/8 na kipima muda cha sekunde mbili ili usiiguse. Piga kwenye 18, kisha 35, kisha 55. Zikuze kwenye kompyuta usome herufi. Zikisomeka katikati na pembe zote nne, lenzi ni nzima na yote niliyoandika hapo juu yanakuhusu moja kwa moja. Zikisomeka kushoto na kufifia kulia, huenda lenzi ilianguka kabla hujaipata. Nenda kwa fundi ukiwa na picha hizo tatu kwenye simu, muulize bei ya kuinyoosha na bei ya nyingine ya mtumba, na umlipe baada ya kurudia jaribio hilohilo mbele yake.